Mwaka mmoja tangu nipasuliwe kichwa: kidonda kilipona mapema, mwenyewe bado narudi

#1 Mwalimu wa Kihonda

Habari za humu ndani wakuu. Miaka yote nimekuwa msomaji tu. Leo naandika kwa sababu wiki iliyopita nimetimiza mwaka tangu nitolewe uvimbe kichwani, na mwaka wote huo nilikuwa natafuta mtu wa kunieleza kwa Kiswahili kinachofuata ukishaingia kwako na kufunga mlango. Habari za thieta, chumba cha upasuaji, watu wanazisimulia. Za siku ya arobaini, za mwezi wa saba, sikuzipata.

Nilikotoka kwa ufupi: nina miaka 43, mwalimu wa shule ya msingi, mama wa watoto wawili. Kichwa kiliniuma karibu miaka miwili, zaidi alfajiri. Nilitibiwa taifodi, nikatibiwa mafua sugu, nikabadilishiwa miwani mara mbili. Siku moja nipo ubaoni, mkono wa kulia ukaanza kucheza wenyewe, chaki ikadondoka, na mimi nikafuata chini. Watoto wa darasa la nne ndio waliokimbia kumwita mwalimu wa zamu. Kutoka hapo CT, kisha MRI, na picha ikaonyesha uvimbe mkubwa upande wa kushoto, mbele. Jina lake meninjioma. Huota kwenye utando unaoufunika ubongo, si kwenye ubongo wenyewe, na mara nyingi si saratani. Kinyama kilichopelekwa maabara kilirudi na majibu ya daraja la 1, yaani ule unaokua polepole.

Wiki ya kwanza nilivimba uso. Siku ya tatu jicho la kushoto likafunga kabisa, binti yangu alipokuja kuniona akageukia ukutani akalia. Baada ya siku chache uvimbe ukashuka wenyewe. Nyuzi zilitolewa siku ya kumi na mbili. Wiki ya sita nywele zimeanza kuota, kovu limefunikwa na kitambaa, kila anayenitembelea anasema, "Mwalimu umepona, hata hujakonda." Kukonda ningekondaje na ule uso wa mviringo wa deksamethasoni? Zile dawa hushusha uvimbe wa ubongo, lakini zilinipa njaa ya kula usiku wa manane na macho makavu mpaka adhana ya alfajiri. Nesi mmoja ndiye aliyenishauri nimuulize daktari kama naweza kumeza dozi ya mwisho mchana badala ya jioni. Alikubali, na usingizi ukarudi.

Sasa niseme kilichonileta. Uchovu. Nikiwa msichana nimelima mpunga na mama yangu bonde la Kilombero, uchovu wa jembe naujua: unalala nao, unaamka umekuacha. Huu wa kichwa unaamka nao. Nilikuwa nikipiga mswaki, nikaoga, nikanywa chai, basi, nguvu za siku zimekwisha na ni saa tatu asubuhi. Wageni wawili wakizungumza kwa pamoja na redio ya jirani ikilia, nilikuwa naona kama maneno yananimwagikia, nashindwa kushika hata moja. Na kwa nje mimi ni mzima! Mama mkwe wangu, mwanamke mwema kabisa, alikaa nasi mwezi mzima, na siku anaondoka alimwambia mume wangu taratibu kwamba mkewe ameanza kuzoea kitanda. Sikumchukia. Alikuwa anatazama kidonda, na kidonda kimepona kweli.

Maneno pia yalinitoroka. Namwambia binti, "nipe ile, ile ya kuchotea mchuzi," upawa nauona, jina halinijii. Kwa mwalimu hilo ni tishio la mkate. Nilianza upya na vitabu vya kusoma vya darasa la kwanza, kwa sauti, dakika kumi asubuhi na dakika kumi jioni, mwanangu mdogo akinisahihisha. Mwezi wa nne nilifika vya darasa la tatu. Mwezi wa tisa nilisimama darasani tena, vipindi viwili kwa siku. Mkuu wa shule alinipanga asubuhi tu, naye mwenyewe akashika darasa langu la mchana. Mungu ambariki.

Aliye njiani kama mimi, karibu tuzungumze.

#2 Kijana wa Buguruni

Dada mwalimu, pole sana na hongera. Nimesoma bandiko lako mara tatu. Mke wangu anapasuliwa Alhamisi hii, uvimbe wa aina hiyohiyo, upande wa kulia. Hospitali wametueleza vizuri lakini nikitoka pale kichwani hakibaki kitu, naogopa. Naomba mniambie kama mnavyomwambia mdogo wenu: nijiandae vipi?

#3 Nesi wa Zamu ya Usiku

@Kijana wa Buguruni pole mdogo wangu. Nimekaa wodi ya upasuaji wa ubongo miaka mingi, nisikilize.

Kabla ya Alhamisi: tafuta ndugu wa kuchangia damu mapema, usisubiri kuambiwa. Picha zote za zamani zipeleke, hata zile za CT unazoona zimepitwa. Andika kwenye karatasi kila dawa anayotumia, pamoja na za kienyeji na za uzazi wa mpango. Usione aibu kuzitaja. Daktari wa nusu kaputi anazihitaji.

Usiku wa kwanza akiwa ICU, wodi ya uangalizi maalumu, tutamwamsha kila saa. Tutamuuliza jina lake, yuko wapi, tutamwambia atukamate mkono, tutamulika macho. Ndugu wengi hukasirika wakidhani tunamnyima mgonjwa usingizi. Ubongo hauna namna nyingine ya kutuambia kama damu inavuja ndani. Anayejibu vizuri saa nne na kuchanganya jina lake saa sita, huyo anarudishwa kipimo haraka.

Mkifika nyumbani, alale kichwa kimeinuliwa kidogo kwa mito. Asibebe ndoo, asiiname kufua, asijikamue chooni. Hili la choo watu hulipuuza, na dawa kali za maumivu hufunga tumbo. Papai na maji ya kutosha, choo kikigoma muulize daktari dawa ya kulainisha. Kichwa kifungwe kwa kitambaa safi cha pamba. Kusuka asubiri mpaka daktari aseme kovu limekomaa, na hata hapo mstari usivutwe karibu na kovu.

Mrudishe hospitali siku hiyohiyo, usingoje kliniki, ukiona homa na shingo ngumu, kidonda kinachotoa usaha, maji maangavu yanayodondoka puani au kwenye mshono, maumivu ya kichwa yanayoongezeka badala ya kupungua, kutapika, usingizi mzito usio wa kawaida, mkono au mguu unaolegea, au degedege. Na mguu mmoja ukivimba na kuuma kwenye kigimbi, hiyo inaweza kuwa damu iliyoganda. Ndiyo maana tunawaamsha mapema watembee, hatuwaonei.

Deksamethasoni isikatwe ghafla kwa kuwa "amepata nafuu". Inashushwa hatua kwa hatua kama ilivyoandikwa, maana mwili unakuwa umeacha kutengeneza homoni yake wenyewe.

#4 Kijana wa Buguruni

Nimenakili yote kwenye daftari. Asante sana dada. Dada mwalimu, maumivu yakoje? Yeye anachoogopa zaidi ni hicho.

#5 Mwalimu wa Kihonda

@Kijana wa Buguruni mwambie ukweli ninaokwambia: ubongo wenyewe hauumi. Kinachouma ni ngozi, misuli na utando wake, na kwangu kidonge kilitosha kuanzia siku ya nne. Kilichonishangaza ni taya. Walipita kwenye msuli wa panja, na huo ndio unaotafunia. Wiki tatu sikuweza kufungua mdomo kuuma mahindi ya kuchoma. Nilikuwa nakunywa uji na mtori, nafanya mazoezi ya kufungua mdomo taratibu mbele ya kioo.

Halafu kuna mambo yatakayomtisha ambayo si ya kutisha. Alale ubavu asikie kitu kinagonga ndani, tk, tk, kama mlango wa kabati usiokaa sawa. Mfupa wa fuvu hurudishwa na kufungwa kwa vibati vidogo vya titani, na unaunga polepole kwa miezi mingi. Mimi usiku ule nilimwamsha mume wangu nikilia kwamba kichwa kinafunguka. Tuliuliza kliniki, wakatueleza. Ngozi ya utosini itakufa ganzi, baadaye itawasha, wakati mwingine itapiga kama shoti ya umeme. Hiyo ni mishipa ya fahamu inarudi. Na vibati hivyo havizuii MRI, nimeshapigwa mbili.

#6 BintiPwani

Salaam alaykum wote. Niko Mombasa, nataka kuongezea la mamangu maana uvimbe wake ulikuwa tofauti. Wake ulikuwa kwenye tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, nyuma ya pua, ile iitwayo pituitari. Hakupasuliwa fuvu, walipitia puani. Alikuwa amepoteza kuona pembeni, akipita mlangoni ajigonga mabega yote mawili, sisi twadhani ni uzee.

Alipotoka hospitali siku ya pili tukaona jambo. Kiu. Maji jagi zima, na msalani kila nusu saa, usiku na mchana, mkojo mweupe kama maji ya bomba. Nyumbani tukasema ni joto la Mombasa. Bahati shangazi yangu aliwahi kuuguza, akatushika mkono kuturudisha. Kumbe tezi ile ndiyo itoayo homoni ya kuzuia mkojo, na ikisumbuliwa mtu aweza kukauka maji mwilini na chumvi ya damu ikaharibika. Akapewa dawa, baada ya wiki chache ikatulia.

Lakini haidrokotisoni, dawa ya kujazia homoni ambayo mwili wake hautengenezi tena ya kutosha, ameambiwa ni ya maisha. Akiugua homa au kutapika lazima dozi iongezwe, na aking'olewa jino lazima daktari wa meno ajulishwe kwanza. Tumemwandikia kikadi akiweka ndani ya buibui, chasema atumia dawa hii isikatizwe. Ramadhani ilipokaribia tulikwenda kwa daktari kabla ya kuandama mwezi, si baada. Alimkataza kufunga mwaka huo, mamangu alilia, na babangu akamlipia fidya.

Kwa hivyo mwenye mgonjwa wa uvimbe wa tezi hiyo, apime maji anywayo na mkojo atoao. Na asipenge pua wala kupiga chafya kwa mdomo uliofungwa wiki za mwanzo.

#7 Mfamasia Kona

Uzi mzuri huu. Nichangie upande wa dawa, kwa sababu dukani kwangu nakutana nao.

Mgonjwa aliyewahi kuanguka kama mwalimu huendelea na dawa za kuzuia degedege. Baadhi ya zinazotumika kwetu ni fenitoini, kabamazepini na sasa levetirasetamu. Zile mbili za kwanza hulifanya ini lizichome haraka dawa nyingine. Sasa fikiria mgonjwa huyo kapata malaria, na nchi hizi zetu atapata. Anapewa dawa mseto ya ALu, anameza siku tatu kwa uaminifu, dawa inaishia kwenye ini kabla haijamaliza vimelea. Homa inarudi, anaambiwa malaria sugu. Sema unatumia nini KABLA ya kuandikiwa dawa ya malaria. Hali ni hiyohiyo kwa baadhi ya ARV, dawa za virusi vya UKIMWI, ikiwamo dolutegraviri, na kwa vidonge na vipandikizi vya uzazi wa mpango. Anayetumia ARV asikae kimya kwa kuogopa kuonekana.

Meflokwini, dawa nyingine ya malaria, haimfai mtu mwenye kifafa. Na tramadoli, dawa kali ya maumivu ambayo vijana wanainunua kama pipi, inaweza kuamsha degedege. Kichwa kikiuma mwezi wa pili usijitibu nayo.

Levetirasetamu haina ugomvi na ALu, ila huwabadilisha baadhi ya watu tabia. Hasira za ghafla, huzuni, machozi. Familia ikiona hivyo isimlaumu mgonjwa wala kumficha dawa, irudi kwa daktari.

#8 Mwalimu wa Kihonda

@Mfamasia Kona umenigusa pabaya. Mwezi wa pili nilimrushia mwanangu sahani. Sahani! Mimi ambaye fimbo siijui hata shuleni. Nilijifungia chumbani nikaamini daktari ameniondoa mimi pamoja na ule uvimbe. Mume wangu ndiye aliyeandika kwenye karatasi siku na saa za hasira, akaipeleka kliniki. Dozi ikapangwa upya, ndani ya wiki mbili nikarudi kuwa mama yao. Nimemwomba mwanangu msamaha. Alishasahau, mimi sijasahau.

#9 Mama Mapacha

Samahanini, naomba kuuliza jambo ambalo naona aibu kuuliza zahanati. Nimesikia sindano ya miezi mitatu ya uzazi wa mpango ndiyo inayoleta huu uvimbe. Nimechoma miaka sita. Niache?

#10 Nesi wa Zamu ya Usiku

@Mama Mapacha hakuna aibu, umeuliza la maana. Mwaka 2024 watafiti wa Ufaransa walichapisha kwenye jarida la BMJ kwamba wanawake waliotumia sindano hiyo, medroksiprojesteroni, kwa zaidi ya mwaka walikuwa na uwezekano wa kufanyiwa upasuaji wa meninjioma mara 5.6 ukilinganisha na wasioitumia. Sababu inaeleweka: uvimbe huu mara nyingi una vipokezi vya homoni ya projesteroni, na ndiyo maana unawapata wanawake zaidi ya wanaume.

Lakini soma hesabu vizuri. Meninjioma ni ugonjwa wa nadra, na kitu cha nadra kikizidishwa mara tano bado ni cha nadra. Mimba isiyopangwa kwetu ina hatari zake, nimeziona wodini. Usiache leo ukakaa hivihivi. Nenda kaongee ubadilishiwe njia ukitaka, na kama una maumivu ya kichwa mapya yanayozidi, au macho yanapungua, yaseme. Ila aliyekwisha kupata meninjioma asiitumie tena mpaka daktari wake wa ubongo aseme.

#11 Mwalimu wa Kihonda

Mimi nilichoma miaka minane. Sijui kama ndiyo iliyoniletea, na nimeshaacha kujiuliza. Sasa nina kitanzi cha shaba, kisicho na homoni.

#12 Mzee wa Sengerema

Wanangu, nasoma nafurahi kwa mwalimu. Naomba niseme na la upande mwingine, lisikatishe mtu tamaa.

Mdogo wangu wa mwisho alipatikana na uvimbe unaoota ndani ya ubongo wenyewe, glioma, daraja la 4, lile kali kuliko yote. Upasuaji ulikwenda vizuri na akaamka akitutania. Baada ya hapo mionzi Ocean Road, hospitali ya saratani, Jumatatu hadi Ijumaa, wiki sita, amevalishwa kinyago kilichofinyangwa kwa sura yake ili kichwa kisitikisike. Tulipanga chumba Dar ndugu watatu tukipokezana. Alitupa miezi kumi na minne.

Katika miezi hiyo, mitano alikuwa na akili timamu kabisa. Aligawa mashamba yake mwenyewe, akamaliza deni la mitumbwi, akamwozesha binti. Niliyoyajutia ni ya kabla. Tulipoteza wiki nyingi kwa waganga tukiambiwa katupiwa jini. Majibu ya maabara yakija, muulizeni daktari moja kwa moja: ni daraja gani? Msiogope neno hilo. Kila kinachofuata, mionzi, fedha, muda, kinapangwa kutoka hapo.

#13 Mwalimu wa Kihonda

Mzee wangu, shikamoo na pole. Mungu amlaze mahali pema.

Kuhusu hayo ya majini, na mimi nilipoanguka mara ya pili, nyumbani, mwezi wa tatu, jirani alinitia kijiko mdomoni, jino moja la mbele likakatika. Wengine walisimama mbali wakiogopa povu wasiambukizwe. Haliambukizi. Nimewafundisha mpaka wanafunzi wangu: mlaze ubavu, mwekee nguo laini chini ya kichwa, ondoa vitu vigumu, usimtie chochote mdomoni, usimkandamize, tazama saa. Ikipita dakika tano, au ikarudia kabla hajazinduka, hospitali. Nilianguka kwa sababu nilikesha msibani siku mbili na nikaruka dozi. Siku hizi kengele ya simu inalia saa mbili asubuhi na saa mbili usiku, nikiwa kanisani inalia, nikiwa sokoni inalia.

Na nyumbani tumebadilisha mambo. Jiko la mkaa limetoka chini limewekwa juu ya jukwaa la matofali, nami sipiki peke yangu. Bafuni sifungi komeo. Pikipiki nilikuwa naendesha mwenyewe, nimeikabidhi mpaka daktari aseme.

@Kijana wa Buguruni, kesho ndiyo Alhamisi. Tupo nawe. Ukirudi naye nyumbani, wageni uwapange wewe, wawili wawili, nusu saa, redio izimwe. Yeye hatakuwa na uso wa kuwafukuza watu.

#14 Kijana wa Buguruni

Wameingia naye saa mbili na nusu. Wametoka saa tisa alasiri. Daktari anasema kipande kidogo kimeachwa kwa makusudi, kimegandamana na mshipa mkubwa wa damu, watakifuatilia kwa MRI baada ya miezi mitatu.

Jioni wameniruhusu dakika tano. Uso umevimba kama alivyosema dada mwalimu, mimi nilikuwa nimejiandaa, mama yake hakuwa amejiandaa, nikamshika. Nesi akamuuliza jina, akajibu. Akamuuliza yuko wapi, akasema hospitali. Akamuuliza huyu ni nani, akanitazama muda mrefu mpaka miguu ikanilegea, kisha akasema, "Baba Salma. Umekula?"

#15 Mwalimu wa Kihonda

Nimesoma nimelia hapa ofisini kwa walimu.

Kale, kaka. Kula ulale, usiku huu wanaye wao. Kesho muulize daktari kuhusu hicho kipande, uandike daftarini jibu lake neno kwa neno. Na ukipata nafasi, mletee ile kanga yake laini, ya zamani, si mpya. Mpya zinakwaruza kovu.